Nyumba Ambayo Mama Joram Hakuifungua

Lile turubai nililishona mimi. Nalisema mapema ili mtu asije akanizunguka nalo baadaye, na pia kwa sababu nimechoka kusikia watu wa Usenge wakimsema Seline peke yake, kana kwamba sindano alishika yeye. Naitwa Enos Nakhungu. Nilizaliwa Bungoma, nikaja huku ziwani kushona matanga ya mashua, nikaishia kushona maturubai ya malori. Miaka kumi na tisa niko hapa na bado ninaitwa yule Mluhya. Haya, tuendelee.

Seline, ambaye sote tunamwita Mama Joram, anakausha omena, dagaa wa ziwa letu. Ukitaka kumjua vizuri mtafute saa tatu asubuhi kule ufukweni, wakati nyavu zimetandazwa mchangani na omena imemwagwa juu yake, yeye akipita katikati ameinama, mkono nyuma ya kiuno. Ana neno moja tu siku nzima. "Imekauka?" anauliza. Ukimjibu ndiyo, hakuamini. Anachota konzi, anaivunja, anainusa, ndipo anaitikia kwa kichwa. Nilimwona siku moja akimrudishia mwanamke mwenzake gunia zima, kwa sababu ile omena ilifunikwa kwa nailoni ikiwa mbichi mvua ilipotisha. "Umeipika," alimwambia. "Umeipika na joto yake yenyewe." Mkumbuke maneno hayo. Mimi sikuyakumbuka siku yalipohitajika, wala yeye.

Mwaka ule ziwa lilipofura, elfu mbili na ishirini, lilipanda hadi kwenye boma lake. Lilichukua nyumba yake, likachukua simba ya Joram, yaani ile nyumba ambayo kijana wa Kijaluo hujengewa karibu na geti akishakuwa mkubwa. Lilifunika na kaburi la mumewe. Nilisimama naye juu ya mwinuko tukitazama maji ya rangi ya chai yakipita pale alipolala mtu. Shemeji yake, Mzee Ouma, ambaye ni ndugu mdogo wa marehemu, akamkatia kipande huku juu. Hapo Seline akajengewa vyumba viwili vya mabati. Vya kwake mwenyewe tu.

Joram ndiye mtoto wake wa pekee, fundi wa magari Nairobi, na ana mke, Mercyline. Sasa mtu mzima aliyeoa hawezi kulala kwa nyumba ya mama yake. Kwa Wajaluo ni mwiko, na kwetu vilevile, kwa hiyo msinicheke mimi. Akija kwa msiba au Krismasi, jioni anawasha gari na kwenda lojing mjini Bondo. Seline hakuvumilia kitu hicho. "Mtoto yangu analala lojing kama mtu ya kuuza sabuni," aliniambia, na macho yake yalikuwa mekundu. Joram naye alikuwa ameanza kusema kwamba nyumbani kumeisha, kumekwenda na maji. Mama alilisikia neno hilo na likamkaa kifuani. Alichotaka maishani, akinieleza bila kuficha, ni kimoja tu: mwanawe alale nyumbani.

Ndipo Desemba ya mwaka uliofuata Joram akaja anakokota kitu nyuma ya pikapu. Kilikuwa kigari cheupe, kifupi, cha magurudumu mawili, urefu wake unafika kifuani mwa mtu. Alikuwa amekinunua kwa Wazungu waliokuwa wakihama Nairobi. Ni karavani ya kukunja, alisema. Akachomeka hendeli, akazungusha, na paa likaanza kupanda lenyewe! Akavuta kitanda upande huu, akavuta kingine upande ule, na kuta za turubai jepesi zikakaza, zina madirisha ya plastiki inayoonyesha ndani na nje. Watu wa soko walikimbia kuja kutazama. Mimi nilizipapasa zile kuta nikaona wivu, maana mshono ulikuwa mdogo na umenyooka kuliko wangu.

Mzee Ouma alikizunguka mara mbili na fimbo yake. "Mlango iko," akasema. "Kitanda iko. Paa iko. Hii ni nyumba." Akaagiza iwekwe karibu na geti, upande wa kushoto, pale ambapo simba ya Joram ingejengwa. Kuanzia siku hiyo sisi wengine tuliita trela. Seline aliita nyumba, na ukisema trela mbele yake alikusahihisha.

Walilala humo siku kumi. Sijawahi kumwona mwanamke akipika chai kwa furaha namna hiyo. Asubuhi ya kuondoka mvua ilinyesha, nao walikuwa wamechelewa, kwa sababu wiki ileile Joram alikuwa anapanda ndege kwenda kazi ya mkataba Qatar. Walikunja haraka haraka, paa likashuka, akafunga vifungo. Nilikuwepo, nilisaidia kushika kitanda. Joram alimwambia mama yake kupitia dirisha la gari, "Mama, jua ya hapa ni kali, itakula hiyo kitu. Ifunike vizuri." Maagizo yalikuwa hayo tu.

Jua la Usenge halina adabu, na Seline alipambana nalo kama mtu aliyetukanwa. Kwanza alitaka kivuli. Kwa Wajaluo mwanamke hachimbii nguzo katika boma, shimo la kwanza la nyumba ni la mzee wa ukoo, hivyo alimwita Mzee Ouma, akachimba shimo la kwanza kwa mkono wake, vijana wakamalizia. Nguzo sita za mkaratusi na mabati juu. Seline akasikia kwa fundi wa baiskeli kwamba jua hupasua mpira, akayafunga magurudumu kwa magunia, akainua kigari chote juu ya mawe ili uzito usiyakalie. Akamwaga majivu kuzunguka kwa ajili ya mchwa. Kila Jumamosi alifagia pale chini mpaka mchanga ukabaki na mistari ya ufagio.

Halafu akaja kwangu.

"Nakhungu, nataka turubai ya kufunika nyumba ya Joram. Ile nzito."

"Ile ya lori?"

"Ile ya lori. Isiingize jua, isiingize maji, isiingize vumbi."

Basi nilishona. Nilitumia turubai nene la kijani, uzi maradufu, macho ya chuma ya kupitishia kamba kila shubiri, na pindo linaloteremka hadi mchangani, halafu kamba ya kukaza chini kabisa. Nilijisifu siku hiyo. Nilimwambia hata upepo ukitaka kuingia humu utapiga hodi kwanza. Alicheka, akanipa omena ya wiki mbili. Ningejua ningejing'ata ulimi. Maana mimi nashonea malori, na lori linatembea. Upepo unalipiga, mzigo unapumua hata ukifunikwa namna gani. Kile kigari kilikuwa kimesimama. Miaka yote hiyo ya kazi na jambo dogo kama hilo halikunijia.

Septemba Mercyline akajifungua msichana huko Nairobi, akaitwa Rachael, jina la marehemu mama yake Seline. Nyanya alimwona kwenye simu tu. Mercyline hakuweza kuja kulala peke yake, kwa kuwa nyumba hufunguliwa na mwenyewe, na mwenyewe yuko Qatar. Kwa hiyo Seline alisubiri, na wakati akisubiri alichunga.

Mwaka wa pili aliniita nibadilishe kamba iliyooza. Nilipoinua pindo la turubai, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria, pamoja na harufu nzito. Usenge yote inanuka omena, mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake. Nikasema ni hiyo. Hata hivyo kitu kilinigusa. "Mama Joram," nikamwambia, "kwa nini tusifungue kidogo ipate hewa? Niko na dakika kumi."

Alinitazama kana kwamba nimevua shati kanisani. "Nakhungu! Wewe unaweza ingia chumba ya kulala ya mtoto yako na bibi yake? Ushike kitanda yao?"

Niliacha lile pindo lishuke. Kwetu pia mzazi hafanyi hivyo. Angeweza kuniruhusu mimi, mtu baki, nizungushe hendeli yeye akiwa sokoni, na ningeweza kusisitiza. Sikusisitiza. Tuseme ukweli, nilikuwa pia nalipenda lile turubai langu jinsi lilivyokaa, halina hata kunjo moja. Nikakaza kamba mpya, nikaenda zangu.

Joram alirudi Agosti mwaka jana, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Seline hakwenda ufukweni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amevaa viatu siku ya kazi. Aliniita nije nifungue turubai kwa heshima yake, kwa kuwa ndiye niliyelifunga. Gari likaingia. Mercyline akashuka na Rachael, karibu miaka miwili, ana vishikizo vya nywele vyekundu. Nyanya alimpokea kwa mikono miwili. Alimbeba tu, akawa anamnusa shingoni.

Nilifungua kamba, nikavua turubai. Jamani, kile kigari kilikuwa kinang'aa! Cheupe vilevile, rangi haikupauka, mpira wa magurudumu hauna ufa hata mmoja. Joram alisimama akashika kiuno. "Mama," akasema, "umeichunga kweli. Kule kazini magari yanakaa jua mwaka moja tu yanaisha." Seline alitabasamu mpaka nikaona meno ya nyuma. Nilitamani sana siku ingeishia hapo.

Joram akachomeka hendeli. Ilikuwa ngumu, akatia mafuta, akazungusha. Paa likapanda shubiri moja, na kitu kikachanika ndani, sauti ya shuka kuukuu. Akazungusha tena. Harufu ikatoka. Haikuwa omena, na wote tulijua mara moja kwamba haikuwa omena. Mercyline alirudi nyuma, mkono puani. Paa lilipofika juu, kuta hazikupanda nalo. Zilibaki zimening'inia vipande vipande, nyeusi tii, na vingine vikadondoka mchangani vyenyewe bila mtu kuvigusa. Madirisha ya plastiki yalikuwa yamegandana, na Joram alipoyatenganisha yakavunjika mkononi. Godoro liliota manyoya ya kijivu. Ubao wa sakafu ulikuwa umevimba. Na maji yalikuwa yakidondoka kutoka ndani ya paa, tone, tone, Agosti, mwezi ambao hapakuwa na mvua wiki tatu!

Nilishtuka, na sikuwa na pa kujificha. Yale maji yalitoka wapi? Nilisimama pale nikahesabu, nikayaona. Ni mvua ile ya asubuhi waliyoondoka. Kuta zile za turubai jepesi zilikunjwa mbichi, mimi nikishika kitanda, kisha nikaja nikazifungia humo kwa uzi maradufu. Mchana joto liliyageuza mvuke, usiku yakadondoka tena palepale. Miaka miwili na miezi saba. Nikakaa chini.

"Mama!" Joram alipiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. "Hukufungua? Hata siku moja?"

Seline alikuwa bado amembeba mtoto. Uso wake haukuwa na kitu.

"Miaka yote hii, Mama! Hata mara moja ipate hewa tu!"

"Ningefungua namna gani?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni nyumba yako na bibi yako. Kitanda yenu iko ndani. Ningefungua namna gani, wuoda?" Wuoda, yaani mwanangu.

 Seline alimteremsha Rachael, akasogea hatua mbili kuelekea kigari, akasimama, hakukaribia zaidi hata sasa. Aliokota kipande kimoja cha ukuta kilichoanguka nje. Alikivunja kati ya vidole, akakinusa. Nikaona anaelewa. Mtu aliyekausha omena miaka thelathini hahitaji kuelezwa.

"Yawa," akasema. "Nimeipika. Nimeipika na joto yake yenyewe."

Nikamwambia turubai nililishona mimi. Joram akaketi kwenye chuma cha kukokotea, akashika kichwa. "Mimi ndio niliikunja ikiwa maji," akasema. "Nilijua. Nilisema nitakupigia simu nikuambie uikaushe. Halafu ndege, halafu kazi. Nikasahau kabisa." Akaiangalia ile hendeli mkononi. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, na sikujua nianze na nani.

Tulikishusha kigari kwenye mawe tukakivuta nje juani, mimi na Joram. Baada ya hapo akanyanyua begi moja akalirudisha kwenye buti la gari. Akanyanyua la pili. Hakuna aliyeuliza anakwenda wapi. Lojing za Bondo ziko palepale. Seline alimtazama akibeba, mikono imemlegea kandoni, na hakulia, ingawa ningeona afadhali angelia. Miaka miwili na miezi saba alisubiri usiku huu mmoja, na sasa unapakiwa kwenye buti.

Mzee Ouma alikuwa amefika wakati huo, amesimama na fimbo yake. Naye Rachael alikuwa ameingia pale kigari kilipotoka, chini ya mabati, ameketi kwenye mchanga uliofagiwa, anachora kwa kidole. Mercyline alimfuata amtoe. Hakumtoa. Alisimama katikati ya zile nguzo, akatazama juu, akatazama kando.

"Mama, hii nguzo ilichimbwa na nani?"

"Mzee Ouma," Seline akajibu.

"Na hapa ni kushoto ya geti."

"Eeh. Ni kivuli ya nyumba yenu. Nilijenga ili jua isiikule."

Mercyline akamgeukia mzee. Mzee Ouma alikohoa. "Mimi siku ile niliuliza, tunajenga? Seline akasema hapana, ni kivuli. Nikachimba. Lakini nilijiuliza," akasema, akigonga nguzo kwa fimbo, "kivuli ya nguzo sita?"

 Joram alisimama na begi la tatu mkononi, anatazama zile nguzo, mabati mazima, mchanga mkavu wenye mistari ya ufagio. Mama yake alikuwa amemjengea simba na hakujua. Kilichokosekana ni kuta tu.

Nami sikungoja. Nilikwenda pale lilipolala turubai langu, lile la kijani, kazi niliyojisifia, nikatoa kisu. Sijawahi kukata kazi yangu mwenyewe. Nilikata moja kwa moja, kutoka pindo hadi pindo, na niliona raha chungu nikiisikia ikichanika. Joram alilaza begi, akaja kushika upande wa pili. Tulizifunga kuta kwenye nguzo, na juu, kati ya turubai na mabati, nikaacha nafasi ya shubiri moja kuzunguka nyumba yote.

"Ongeza," Joram akasema.

Nikaongeza hadi mbili. Tukatoa fremu za vitanda kwenye kigari, zilikuwa za chuma, tukazisugua kwa mchanga. Godoro Mercyline alinunua jipya sokoni. Kufika saa kumi mabegi yalitoka kwenye buti, yote, na Mzee Ouma aliinama akaingia wa kwanza, akakaa kidogo, akatoka. Alisema nyumba imekubalika. Seline hakuingia, na hakuna aliyemwambia aingie.

Asubuhi nilipita na uzi kukaza mlango. Nilimkuta Seline amesimama hatua kumi kutoka kwenye ile nyumba, amebeba chupa ya chai na vikombe, ameipa mgongo, anatazama ziwa. Rachael akatoka mwenyewe chini ya turubai, hana viatu, akaja kumshika sketi. Ndani nikasikia Joram akifungua kamba. Akakunja ukuta wa upande wa jua hadi juu, akaufunga, mwanga ukaingia mpaka kitandani.

"Mama," akaita, "nimefungua."

Seline hakugeuka. "Imekauka?" akauliza.

"Imekauka, Mama."

Nilimngojea adai kuona kwa macho yake, ashike, anuse, kama anavyomfanyia kila mtu pale ufukweni. Aliitikia kwa kichwa, bado ameipa nyumba mgongo, akaanza kumimina chai.